Tahadhari: Tumbo la Njiti Likijaa, Usingoje Kuche

Mtoto njiti aliyekuwa akiendelea vizuri akibadilika ghafla, tumbo likajaa, maziwa yakakataa kushuka, mwili ukalegea, mwite daktari saa hiyo hiyo. Usimwongeze maziwa. Usimpe dawa ya tumbo. Usingoje kuche. Huenda utumbo wake umeanza kuoza, na tangu dalili ya kwanza hadi utumbo kutoboka zinaweza kupita saa chache tu.

Madaktari huuita ugonjwa huu nekrotaizingi enterokolaitisi, na wodini hutajwa kwa herufi tatu: NEC. Ukuta wa utumbo huvimba, damu ya kuulisha hupungua, bakteria huuvamia, na sehemu yake hufa mtoto angali hai. Takriban watoto tisa katika kila kumi wanaoupata ni njiti. Katika hospitali za nchi tajiri, ambako rekodi zake zimewekwa kwa miaka mingi, huwapata watoto kati ya 5 na 10 katika kila 100 wanaozaliwa wakiwa chini ya gramu 1,500. Wanaougua hufariki 20 hadi 30 katika kila 100, na kwa wanaofikia kupasuliwa vifo vinaweza kukaribia nusu. Hizo ni hospitali ambako daktari wa upasuaji wa watoto yupo jengo lilelile. Kwetu, mtoto anaweza kufa kabla hajapigwa hata picha moja, ikaandikwa kwamba amefariki kwa maambukizi ya damu, na mambo yakaishia hapo.

Naandika kwa mama aliyelaza kichanga wodini au aliyeruhusiwa naye juzi, kwa bibi anayemsaidia nyumbani, na kwa muuguzi na daktari wa hospitali ya wilaya wanaobaki peke yao usiku. Neno langu kwao wote ni moja. Mtoto atakayezidiwa hujionyesha mapema, ila hajionyeshi kwa kipimo kimoja. Hujionyesha kwa kubadilika. Anayejua mtoto alikuwaje saa sita zilizopita ndiye anayeweza kukisia atakuwaje saa sita zijazo.

Huja watu wakishajiona wamevuka

Wengi hudhani hatari ya njiti ni siku tatu za kwanza, pale anapohangaika kupumua. Ugonjwa huu una ratiba nyingine. Mara nyingi hubisha hodi wiki ya pili au ya tatu, na kadiri mtoto alivyozaliwa mapema ndivyo unavyoweza kuchelewa. Aliyezaliwa na wiki 26 anaweza kumaliza mwezi mzima salama, kisha ukamkuta. Wakati huo dripu imeshatolewa, maziwa yanaongezwa kila siku, uzito unapanda, na mama ameanza kuulizia siku ya kuruhusiwa. Macho ya wodi yamehamia kwa mtoto mwingine aliyeingia jana.

Ndipo usiku mmoja mama anasema, "Sista, mtoto wangu leo si yule wa jana." Anaambiwa, "Ni gesi tu, mama. Mweke begani acheue." Pengine ni gesi kweli. Njiti anayesaidiwa na mashine ya kupuliza hewa puani humeza hewa nyingi na tumbo lake hujaa, lakini tumbo hilo huwa laini, mtoto anachangamka, choo anapata. Vilevile, mabaki machache ya maziwa meupe yanayorudi kwenye mpira wa kulishia, yakiwa peke yake, si ugonjwa. Kusimamisha maziwa kila yanapoonekana humchelewesha mtoto kukua na humwacha muda mrefu kwenye dripu, ambayo nayo ina maambukizi yake.

Kinachotakiwa kututoa kwenye kiti ni mambo mawili matatu yakija pamoja: tumbo limekuwa gumu na ngozi yake inang'aa, likiguswa mtoto anakunja uso, maziwa hayashuki, mtoto anasahau kupumua mara nyingi kuliko jana, mapigo ya moyo yanapungua, miguu imekuwa ya baridi na rangi imepauka, hataki kuamka wakati wa kulishwa. Mambo mawili hayangoji mwenzake. La kwanza ni matapishi au mabaki ya rangi ya kijani. La pili ni damu kwenye choo, hata kama ni mchirizi mwembamba kwenye nepi. Mojawapo likionekana, ni dharura.

Hatua ya ugonjwa si mwelekeo wake

Mwaka 1978 daktari wa upasuaji Mmarekani, Martin Bell, pamoja na wenzake waliugawa ugonjwa huu katika hatua tatu. Ya kwanza ni kuushuku. Ya pili ni kuuthibitisha. Ya tatu ni pale mtoto anapozidiwa, na utumbo pengine umetoboka. Mwaka 1986 Walsh na Kliegman waliziboresha hatua hizo, na hadi leo ndizo zinazotumika wodini.

Uthibitisho hutafutwa kwenye eksirei. Ukiitazama picha ya utumbo unaoumwa, unaona vitone vyeusi vidogo au mistari myembamba ya hewa imejipanga ndani ya ukuta wenyewe, mahali ambapo hewa haina kazi. Hewa hiyo ikipanda hadi kwenye mshipa mkubwa wa ini, hali ni nzito zaidi. Ikionekana nje kabisa, imejikusanya juu ya ini mtoto akiwa amelazwa ubavu wa kushoto, utumbo umeshatoboka.

Lakini hatua za Bell zinaeleza ugonjwa umefika wapi. Hazielezi unakwenda wapi, wala unakwenda kwa kasi gani. Watoto wawili wanaweza kuwa hatua ya pili saa mbili asubuhi. Mmoja akapona kwa dawa na kupumzishwa tumbo, mwingine jioni akawa anahitaji kisu. Swali la nani atazidiwa lina majibu yake mengine, na mengi yanajulikana.

La kwanza ni umri na uzito: aliye chini ya gramu 1,000 ana hatari kubwa kuliko mwenzake wa gramu 1,400. La pili ni mzunguko wa damu: shinikizo likishuka, mkojo ukipungua, hali imegeuka. La tatu ni damu yenyewe. Joseph Tepas na wenzake huko Florida, Marekani, waliweka pamoja vipimo saba: bakteria kuota kwenye damu, asidi kuzidi mwilini, chembe changa nyeupe kuwa nyingi kupita kiasi, chembe nyeupe za kupigana na bakteria kupungua, chembe sahani kushuka, chumvi ya sodiamu kushuka, na shinikizo la damu kushuka. Waliona kwamba vitatu au zaidi vikiharibika kwa pamoja, ni wakati wa kufikiria upasuaji bila kungoja hewa ionekane nje ya utumbo.

Katika hivyo, chembe sahani ziko ndani ya uwezo wa maabara nyingi za wilaya, kwa kuwa huhesabiwa kwenye kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu. Tuseme asubuhi zilikuwa 180,000, jioni 110,000, alfajiri 60,000. Ukiitazama namba ya asubuhi peke yake, hakuna wa kushtuka. Ukizipanga tatu mfululizo, huhitaji bingwa wa kukutafsiria: utumbo unakufa na mwili unamaliza akiba yake. Ndiyo maana kupima mara moja na kutulia ni kujidanganya. Kipimo cha pili, saa sita hadi kumi na mbili baadaye, ndicho kinachosema.

Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazotabiri ni njiti gani atazidiwa. Nyingi zimefunzwa kwa rekodi za hospitali kubwa za Marekani, Ulaya na China, zenye vipimo ambavyo wodi nyingi za kwetu hazina. Zisidharauliwe, lakini zisituaminishe kwamba bila kompyuta hatuwezi kuona mbele.

Karatasi moja kitandani

Wodi isiyo na kipimo cha asidi wala mashine ya kisasa ya kusoma shinikizo inaweza kuanza leo usiku na karatasi, kalamu na futi kamba. Mtoto yeyote aliye chini ya gramu 1,500, na yeyote aliyeanza kutiliwa shaka, apewe karatasi yake. Kila baada ya saa sita muuguzi apitishe futi kamba juu ya kitovu, mahali palepale palipowekwa alama ya kalamu, aandike. Aguse tumbo kwa viganja vilivyopashwa joto, aandike laini au gumu. Abonyeze kifua kwa kidole sekunde tano, aachie, ahesabu: ngozi ikichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi rangi yake, damu haizunguki vya kutosha. Aandike joto la mwili, mapigo ya moyo, mara ngapi mtoto amesahau kupumua tangu zamu iliyopita, rangi ya kilichorudi kwenye mpira, na choo kilivyokuwa.

Futi kamba peke yake hudanganya, kwa sababu mtoto akipata choo au akimeza hewa vipimo hubadilika. Ndiyo sababu yakaandikwa yote pamoja kwenye mstari mmoja. Anayekuja zamu ya asubuhi asisome mstari wa mwisho tu. Ashushe jicho kutoka juu hadi chini. Mambo matatu yakielekea upande mbaya kwa mfululizo, mtoto huyo si wa kuangaliwa tena saa sita baadaye. Ni wa kuangaliwa kila saa, na daktari ajulishwe hata kama amelala.

Kwenye karatasi hiyo iwepo nafasi ya neno la mama. Akisema mtoto amebadilika, iandikwe na saa yake, kama inavyoandikwa joto. Anayemlaza mtoto kifuani kwa huduma ya kangaruu anamjua kwa ngozi: anajua anavyosukuma miguu, anavyotafuta titi, uzito wake anapolala na uzito wake anapolegea. Huduma hiyo yenyewe huokoa maisha. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wadogo walioanza kuwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walifariki 12 katika kila 100 ndani ya siku 28, dhidi ya takriban 16 kwa waliosubirishwa hadi hali itulie. Ukimtoa mama wodini usiku, umemwondoa pia mlinzi wa kwanza wa mtoto.

Ukishashuku

Simamisha maziwa. Weka mpira kutoka mdomoni hadi tumboni na uuache wazi ili hewa na majimaji yatoke. Fungua dripu. Chukua damu ya vipimo, kisha anza antibayotiki za mshipani kwa mwongozo wa hospitali yako. Usiache saa zipite ukingoja majibu. Piga eksirei kama ipo, na panga kuirudia. Mpe joto. Mwambie mama aendelee kukamua maziwa na yahifadhiwe, kwa sababu mtoto akipona ndiyo atakayoanzia.

Simu ya rufaa ipigwe sasa, wakati bado unashuku. Madaktari wa upasuaji wa watoto ni wachache na wengi wako katika hospitali kubwa za mijini, kama Muhimbili kwa Tanzania au Kenyatta kwa Kenya. Kutoka Tunduru au Lodwar hadi kwenye meza ya upasuaji wa kichanga si safari ya saa moja. Anayesubiri utumbo utoboke ndipo aombe gari la wagonjwa anampeleka mtoto akiwa ameshachelewa. Mtoto akifika mjini ikaonekana hahitaji kupasuliwa, hiyo si aibu kwa aliyemtuma. Barua ya rufaa ibebe ile karatasi ya saa sita sita, maana daktari wa upasuaji atauliza jambo moja kabla ya mengine: alianza kubadilika lini, na kwa kasi gani?

Usimpe kitu kisichokuwa maziwa yako

Katika nyumba nyingi, pwani na bara, kichanga anayelia na kujikunja husemwa ana mchango, naye huchemshiwa mizizi au hununuliwa dawa ya chupa. Bibi anafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini utumbo wa njiti una ukuta mwembamba usiokomaa, na kinachomwagwa humo bila kupimwa hubeba vijidudu na sumu moja kwa moja hadi mahali palipo dhaifu. Hatari ya pili ni ya muda: dawa ya mchango hununua siku nzima ya kusubiri kuona kama imefanya kazi. Ugonjwa huu unakwenda kama moto wa makumbi, ndani kwa ndani, na siku hiyo moja ndiyo anayoihitaji mtoto. Kwa hiyo, bibi, kwa heshima zote: njiti hapewi mizizi, hapewi maji ya glukosi, hapewi asali, wala dawa ya gesi ya dukani. Tumbo likimvimba, mbebe umrudishe hospitali.

Kinga iliyothibitika kuliko zote ni maziwa ya mama. Mwaka 1990 Alan Lucas na T. J. Cole walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya njiti 926 wa Uingereza. Waliolishwa maziwa ya kopo peke yake waliugua mara 6 hadi 10 zaidi ya waliolishwa maziwa ya binadamu peke yake. Si kwamba kopo limethibitishwa kuwa ndilo chanzo. Oktoba 2024 taasisi tatu za afya za serikali ya Marekani zilitamka kuwa hakuna ushahidi wa kukata shauri juu ya hilo, huku zikisisitiza kuwa maziwa ya binadamu hukinga. Kwa mtoto wa gramu 1,200, kukosa kinga hiyo kunatosha kuwa hatari.

Mama aanze kukamua mapema, ndani ya saa chache za kujifungua, hata kama kinachotoka ni matone ya dang'a yanayolowesha kijiko tu. Akamue mara nane au zaidi kwa siku, na usiku pia, kwa mikono iliyonawiwa. Mama anayeishi na VVU na anayetumia dawa zake vizuri asikimbilie kopo kwa hofu. Aongee na kliniki yake. Maziwa yakikosekana kabisa, yaliyochangwa na kupashwa joto kitaalamu, nyuzi 62.5 kwa dakika 30, ndiyo yanayofuata kwa ubora. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani jijini Nairobi ilianzisha benki ya maziwa hayo mwaka 2019, ya kwanza Afrika Mashariki. Kumpa jirani amnyonyeshe njiti bila kupimwa si mbadala wake.

Kwa wenzetu wa wodini kuna tahadhari zaidi. Antibayotiki zilizoanzishwa kwa wasiwasi zisiendelee kwa mazoea: utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba njiti wadogo sana waliopewa dawa hizo siku tano au zaidi mwanzoni mwa maisha, ilhali damu yao haikuota bakteria, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa huu au kufa. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo, kama ranitidini, nazo zimehusishwa nao. Na bakteria rafiki wanaouzwa kwenye vichupa wasitolewe kiholela: mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya baada ya njiti aliyepewa bidhaa ya aina hiyo kupata maambukizi ya damu na kufa.

Wakiwa wawili, ni wodi inayoumwa

Kwa kawaida ugonjwa huu humpata mtoto mmoja mmoja. Wakati mwingine hujitokeza kwa mkumbo, watoto kadhaa ndani ya siku chache katika chumba kimoja. Ukiona wa pili karibu na wa kwanza, usiseme ni bahati mbaya. Simamisha mambo kwa dakika kumi ukague: nani anaandaa maziwa na wapi, vikombe na mipira husafishwaje, maji ya kunawa yapo au yamekatika, mtoto yupi na yupi wanashikwa na mikono ya muuguzi yuleyule. Watenge wenye dalili, toa taarifa kwa mganga mkuu siku hiyo hiyo, na kila njiti mwingine wa chumba hicho aanze karatasi ya saa sita hata kama anaonekana mzima.

Waliopona nao wasisahaulike. Sehemu ya utumbo iliyoumwa inaweza kubana wiki kadhaa baadaye, mtoto akaanza tena kutapika na tumbo kujaa akiwa ameshazoea nyumbani. Aliyekatwa kipande kirefu cha utumbo atahitaji kufuatiliwa lishe kwa muda mrefu, na ukuaji wa akili na viungo uangaliwe kliniki. Mama aambiwe haya kabla hajatoka getini, kwa maneno anayoyaelewa, na namba ya simu ya wodi iandikwe kwenye kadi ya mtoto.

Basi kila hospitali inayolaza njiti ihakikishe mambo manne kabla zamu ya usiku haijaingia. Karatasi ya saa sita iwepo kitandani. Namba ya daktari wa zamu na ya hospitali ya rufaa zibandikwe ukutani. Damu irudiwe kupimwa kwa kila anayeshukiwa. Kila mama awe ameambiwa kwamba akiona kijani, damu, tumbo gumu, au mtoto asiyefanana na wa jana, ana ruhusa ya kumwamsha yeyote. Na mama, usipopata wa kukusikiliza mara ya kwanza, sema tena kwa sauti kubwa zaidi.